Kilomita Thelathini

Siri ya mtungi, kata haijui. Waliosema inaijua hawakuwahi kuona kata ikipelekwa kituoni.

Inspekta Jacklyne Awuor alikuwa akiliwaza hilo huku mkubwa wake, Maxwell Oyoo, akimsukumia simu juu ya meza ya ofisi waliyoazimwa ndani ya jumba la mikutano la KICC. Kwenye kioo cha simu kulikuwa na ukurasa wa Sikio la Jiji, blogu ya umbea ambayo nusu ya Nairobi huisoma kabla ya kupiga mswaki. Kichwa cha habari kilikuwa kirefu na kikatili: JENERALI ALIYEZIKA MWANAWE SASA YUKO TAYARI KURUDI NYUMA KILOMITA THELATHINI.

"Wamefunga mabegi," Oyoo alisema. "Ujumbe wote wa Tekeni. Jenerali Matoure amesema kama saa nane haijamletea jina la aliyevujisha, wanaenda uwanja wa ndege na mkataba tuufungie maandazi."

Tekeni na Lomora, nchi mbili zinazopakana, zilikuwa zimekaa Nairobi kwa majuma kadhaa zikijadili mkataba wa kudhibiti silaha za kawaida. Huitwa za kawaida kwa sababu si za nyuklia: mizinga, vifaru, makombora ya kubebwa begani. Anayeangukiwa na kombora hana nafasi ya kuuliza kama ni la kawaida. Vifungu vyote vilikuwa vimekubaliwa isipokuwa kimoja, nacho kilikuwa moyo wa mambo: mizinga irudishwe umbali gani kutoka mpakani? Lomora walidai kilomita hamsini. Tekeni walisema kumi. Mbele za watu, hakuna aliyesogea hata unyayo.

Faraghani ilikuwa hadithi nyingine. Kila upande ulikutana peke yake na mpatanishi, Balozi mstaafu Kinyanjui, ukamnong'oneza mahali ungekubali kufika. Simu ziliachwa mlangoni ndani ya beseni. Wa tatu chumbani alikuwa mkalimani, Phoebe Were.

"Kwa hivyo ni Phoebe," Oyoo alisema. "Wawili walijua. Balozi, na yeye. Halafu ana binamu mwandishi wa gazeti, mtu anaitwa Omollo. Hiyo kesi imejipika yenyewe."

"Na kama si yeye?"

"Awuor, wakubwa wanataka jina. Jina tuko nalo."

"Ukiwapa jina lisilo la kweli, watakaa leo. Kesho asubuhi siri ikivuja tena utawapa nani? Mimi?"

Oyoo alikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka.

"Saa nane," alisema. "Ikipita, namtaja Phoebe. Na akishatajwa, hata kanisani hawatamwachia atafsiri matangazo."

*

Phoebe Were aliishi Woodley, katika moja ya nyumba za zamani za kanju, baraza la jiji, zenye kuta nene na ua wa michongoma. Aliambiwa asitoke, na alikuwa amelitii agizo hilo kwa hasira: alikuwa amefua kila kitambaa cha nyumba, mapazia yote yananing'inia nje kama bendera za nchi iliyoshindwa vita.

"Karibu, afande. Umekuja na pingu ama na maswali?"

"Maswali. Omollo ni nani yako?"

"Binamu. Tulikosana kwenye matanga ya dani, nyanya yetu. Alitaka tuchinje ng'ombe wawili, mimi nikasema mmoja, tangu hapo ananipita sokoni kama nguzo ya stima." Phoebe aliketi. "Lakini tuseme tunapendana. Nimempa habari kubwa namna hiyo. Yeye ana gazeti lake. Mbona aiachie blogu ya umbea?"

Awuor alikuwa ameshajiuliza hilo njiani. Mwandishi hagawi nyama ya kwanza. Akaendelea.

"Jenerali aliposema thelathini, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nilisema mimi mwenyewe, kwa kinywa changu: 'Niko tayari kurudi thelathini.' Ndiyo kazi yetu. Akisema 'mimi', nasema 'mimi'. Nikivua hedfoni, maneno yake yanabaki humo ndani. La sivyo ningekuwa nimerukwa na akili zamani."

"Na aliposema juu ya mwanawe?"

Phoebe alimtazama. "Hiyo niliisoma leo asubuhi kama wewe. Kwenye kikao hakusema mambo ya mtoto. Alisema namba, akanyamaza. Mimi nilidhani ni mtu mgumu tu."

"Unaweza kuthibitisha?"

"Muulize yeye mwenyewe. Si bado yuko Nairobi?"

Awuor alitoka uani, katikati ya mapazia yaliyolowa, akapiga simu hotelini. Ilimbidi awapite wasaidizi watatu ndipo aisikie sauti nzito ya Jenerali Matoure. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini swali alilielewa mara moja.

"Mwanangu? Nilimwambia Balozi. Bustanini kwake, Lavington. Mimi na yeye tu."

"Bila mkalimani?"

"Bila. Namba zipite kwa mdomo wa mtu mwingine, sawa. Mtoto wangu, hapana."

Alikata simu. Awuor alisimama kitambo, pazia likimdondokea begani. Phoebe aliijua namba na hakujua habari za mtoto. Aliyevujisha alijua yote mawili. Walikuwa wawili waliojua, na sasa alibaki mmoja, mzee ambaye hakuna aliyethubutu hata kumuuliza.

Alirudi mlangoni. "Vaa nguo za kazi," alimwambia Phoebe. "Nenda KICC ukakae kwenye kibanda chako cha ukalimani."

"Wataniruhusu?"

"Kuna mwingine anayejua lugha yao?"

"Hakuna."

"Basi watakuruhusu."

*

Kabla ya kumgusa mzee mkubwa, ni vizuri ukajua njia aliyotumia. Awuor alipinda kwenda Riruta. Sikio la Jiji, licha ya mbwembwe zake zote, lilikuwa msichana mmoja tu aitwaye Yvonne, kwenye chumba cha mwisho cha ploti ya mamake ya vyumba vya kupangisha, kando ya barabara ya Naivasha.

Mamake ndiye aliyempokea. Aliitwa Emmah, mwenye ploti, ameketi barazani akimenya minji, zile njegere mbichi, kwenye sufuria, simu yake imeegemezwa kwenye galoni la maji ikitoa sauti za wanawake kwa zamu, mmoja akimaliza "amina", mwingine akianza "Baba, tunakuja mbele zako".

"Mathe, punguza hiyo kitu," Yvonne alisema akitoka. "Tuna mgeni."

"Nipunguze maombi juu ya polisi? Wao ndio wanayahitaji zaidi." Emmah akamgeukia Awuor. "Keti, mama. Chukua minji umenye, mikono isikae bure."

Awuor aliketi, akachukua konzi ya minji. Yvonne alibaki wima, mikono kifuani.

"Niaje, afande. Nikwambie mapema: chanzo changu sitaji. Hata mkinilaza ndani."

"Sijakuuliza chanzo. Nina swali dogo. Habari zako za mkutano huu, hata zile ndogondogo za nani alipiga meza, nani alitoka nje, huzitoa asubuhi. Mikutano huisha jioni. Mbona hutoi jioni?"

"Watu husoma asubuhi wakienda job."

"Alhamisi hawakwenda?"

Yvonne aliona haya, akamtupia mamake jicho.

"Kila siku ulikuwa na kitu," Awuor alisema, akisukuma minji kwa kidole gumba. "Alhamisi asubuhi, kimya. Na Jumatano ndiyo walipigana maneno kuliko siku zote. Chanzo chako kililala?"

"Afande, umemaliza?"

"Wacha mgeni amalize minji yake," Emmah alisema. Awuor alimaliza, akashukuru, akaondoka. Kwenye gari aliandika kichwani mambo mawili. La kwanza, msichana huyu hakuwa na rafiki mkubwa serikalini. Mwenye rafiki mkubwa hujigamba, na huyu alikuwa ameona aibu. La pili, aibu ile ilimfanya amtazame mamake.

*

Kwa sababu mazungumzo yalikuwa yamekwama, Balozi Kinyanjui alikuwa nyumbani Lavington, mchana kweupe, jambo lililomtia soni. Mlinzi alifungua geti, mtunza bustani akazima mashine ya kukata nyasi, na Awuor akamkuta mzee barazani amevaa tai ya mkutano usiokuwepo.

"Inspekta, nimesikia unamtetea yule mkalimani. Vizuri. Ni msichana mwaminifu."

"Asante, mzee. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Balozi alichukua muda kuelewa. Alipoelewa, uso wake ulisawijika.

"Mimi? Nimekuwa balozi katika miji ambayo wewe huijui kwa jina. Sijawahi kuropoka. Nilimwapia kila mmoja wao kwamba alichoniambia hakitafika kwa mwenzake. Hata mke wangu simwambii. Muulize. Mama Anita, njoo."

Mkewe, Muthoni, alitoka na sinia la chai, mwanamke mnene, mwenye macho ya kucheka. "Kweli haniambii. Mtu anaweza kukaa na huyu na asijue kama kuna vita ama harusi."

Awuor alipokea kikombe. "Mzee, Jumatano ulilala hapa?"

"Jumatano tulichelewa, nikalala hoteli mjini."

"Na siku nyingine, ukifika nyumbani, unafanya nini? Nieleze kama mtu anayeeleza njia."

"Nakula. Natazama habari. Naoga. Nalala."

"Na ukiamka?"

"Naamka mapema, naomba, navaa, naondoka."

Awuor aliweka kikombe chini. Mamake mwenyewe alikuwa muumini wa alfajiri. Katika chumba kimoja cha utotoni, Awuor alijua shangazi yupi ana mimba na mjomba yupi amefutwa kazi kabla ya kuambiwa na mtu yeyote, kwa sababu mamake alimweleza Mungu yote hayo kwa jina na kwa tarehe, akitembea kutoka kitanda hadi mlango. Watu hawa hawasengenyi. Wanaomba. Na Mungu wao hapendi habari za juujuu.

"Unaomba kimoyomoyo, mzee, ama kwa sauti?"

Mashine ya nyasi ilikuwa bado imezimwa. Balozi alimtazama mkewe. Mkewe alitazama sinia.

"Kwa sauti," alisema Balozi polepole. "Natembea hapo kwenye korido. Tulifundishwa tuombe kwa kutaja. Usimwambie Mungu 'nibariki', mwambie unataka nini."

"Unataja namba?"

Muthoni ndiye aliyejibu, bila hatia hata chembe usoni.

"Anataja. Na mimi namsikia, si tunaishi nyumba moja? Nikasema huu mzigo ni mkubwa kwa mtu mmoja. Nikaupeleka kwa kikundi."

"Kikundi gani, mama?"

"Cha maombi. Wamama tuliokua pamoja Riruta, tuliimba kwaya moja tukiwa wasichana. Kila asubuhi kila mtu anarekodi ombi lake, wengine wanabeba. Wamama wazuri sana. Kuna Emmah, kuna…"

"Emmah wa ploti," Awuor alisema. "Anayesikiliza simu kwa spika akipika."

"Huyo. Masikio yake siku hizi si mazuri."

"Ya binti yake ni mazima."

Balozi Kinyanjui alifunika uso kwa viganja. Kisha, kutoka nyuma ya vidole: "Nitajiuzulu. Leo hii."

"Mama," Awuor alimwambia Muthoni, "niwekee hilo ombi la leo asubuhi. Lote."

Alilisikiliza mpaka mwisho. Akaomba liwekwe tena, akalisikiliza mpaka mwisho. Asubuhi nzima alikuwa ametafuta mtu aliyevunja mazungumzo, na alichokuwa ameshika mkononi hakikufanana na kitu kilichovunjika.

"Sikio la Jiji lilichapisha nusu tu," alisema, akisimama. "Lilichukua nusu yenye machozi. Mzee, jiuzulu baada ya saa nane. Sasa hivi nawahitaji nyote wawili ndani ya gari."

*

Oyoo aliwazuia mlangoni mwa ukumbi mdogo. "Nilikwambia uniletee wa kulaumiwa. Umeniletea mke wa Balozi?"

"Ndiye."

Oyoo alifungua njia kama mtu aliyeona moto.

Ndani, Jenerali Matoure alikuwa amesimama, koti mkononi, maofisa wake nyuma yake. Ng'ambo ya meza alikaa Waziri wa Lomora, mwembamba, nadhifu, mwenye utulivu wa mtu ambaye siri iliyovuja si yake. Katika kibanda cha kioo Phoebe Were alikuwa amevaa hedfoni zake na blauzi ambayo haijakauka vizuri mabegani.

Awuor hakuzunguka. Alieleza habari za Balozi na korido yake, za Muthoni na kikundi chake, za simu juu ya galoni na binti mwenye masikio mazima. Alisema kwamba mkalimani hakuhusika. Phoebe alilitafsiri hilo bila sauti yake kutikisika, isipokuwa mwishoni kabisa.

"Maombi," Jenerali alisema kupitia kwake. "Unataka niamini kwamba jeshi langu linaniita mwoga kwa sababu ya maombi?"

"Nataka uyasikie, Jenerali. Yote."

Balozi aliinuka nusu. "Inspekta, ile sehemu ya pili ni kiapo changu. Siwezi kuiruhusu."

"Wewe huwezi, mzee. Mimi sikuapa." Akabonyeza simu ya Muthoni.

Sauti ya Muthoni ilijaa ukumbi, yenye usingizi kidogo, na jogoo wa jirani nyuma yake: "Baba, leo nakuletea wazee wawili. Mmoja ni jenerali. Alizika mwanawe, kijana aliyeuawa na mzinga huko mpakani. Yuko tayari kurudi nyuma kilomita thelathini, lakini anaogopa askari wake watasema majonzi yamemlainisha. Mfariji, Baba. Mwingine ni waziri. Huyu anapiga meza akisema hamsini, lakini amemnong'onezea mume wangu kwamba hata thelathini inamtosha. Wote wako thelathini, Baba. Wamekaa mahali pamoja gizani, hawaonani. Kila mmoja anangoja mwenzake awe wa kwanza. Na watu wanakufa wakiwangoja. Washe taa. Amina."

Phoebe alitafsiri mpaka "amina".

Jenerali Matoure aligeuka polepole. "Thelathini?" alimuuliza Waziri.

Waziri wa Lomora alikuwa mwekundu wa macho. "Hayo niliyasema kwa siri."

"Sikuuliza uliyasemaje."

Waziri aliinamisha macho kwenye karatasi zake. Jibu hilo lilisomeka kutoka kila kiti. Nyuma ya Jenerali, ofisa mmoja aliachia mpini wa sanduku lake, likasimama lenyewe.

"Asubuhi nilikuwa mwoga peke yangu," Jenerali alisema, na kitu kama tabasamu kilipita chini ya masharubu yake. "Sasa tuko wawili. Ni afadhali." Alivua saa yake, akaiweka mezani, akatundika koti kwenye kiti na kuketi. Kisha akamtazama Muthoni. "Mama, hukutaja jina lake."

"Sikulijua, Jenerali. Nipe."

Jenerali alilitaja mwenyewe, moja kwa moja, bila kungoja mkalimani. "Souleman."

"Souleman," Muthoni alisema. "Kesho nitalitaja."

Oyoo alikuwa ameshaanza kutoa hewa aliyoibana tangu asubuhi wakati Waziri alipopiga meza, safari hii kwa nguvu zake zote.

"Hatuandiki hata herufi moja kabla ya jambo hili. Msimamo wa serikali yangu umetangazwa kwa wamama wa kwaya, na sasa mbele ya adui. Mwanamke huyu aombe radhi. Rasmi, hapa hapa."

Macho yote yalimhamia Muthoni. Oyoo alimfanyia ishara kwa mkono, ile ya kushusha kitu chini. Balozi alimshika kiwiko. "Mama Anita," alinong'ona, "neno moja tu, tuendelee na kazi."

Muthoni aliutoa mkono wa mumewe, taratibu, kama anavyoondoa uzi kwenye nguo. Akasogea mpaka kwenye maikrofoni, akangoja Phoebe ainue kichwa ndani ya kibanda.

"Nitafsirie vizuri, msichana wangu," alisema. "Waziri, ulisema thelathini na ulimaanisha thelathini. Mimi nilimwambia Mungu ulichosema, sikuongeza, sikupunguza. Kama umeona haya, ona haya. Siombi radhi."